Mji wa Kukaa na Mji wa Kuwa Mwenyeji

Kila mwaka mashirika ya ng'ambo hutoa orodha ya miji ambayo, kwa vipimo vyao, ndiyo bora zaidi kwa binadamu kuishi. Katika orodha inayotolewa na kitengo cha utafiti cha jarida la Economist la Uingereza, Vienna iliongoza mwaka wa 2018 na wa 2019, ikaongoza tena mfululizo kuanzia 2022 hadi 2024, kisha Copenhagen ikaipiku mwaka wa 2025. Habari hizi zifikapo kwetu huzua gumzo lile lile. Kwanza tutataka kujua Nairobi imewekwa wapi, na tukishajua tutanuna. Baada ya hapo mjadala hurudi nyumbani: je, Mkenya mwenye mshahara wa wastani na watoto wawili au watatu afanye maskani yake wapi? Tangu Nakuru itunukiwe hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, na Eldoret nayo mnamo Agosti 2024, mjadala huu umepamba moto. Wako waapao kwamba Nairobi imekwisha na kwamba mwenye akili atahamia Nakuru. Wengine huisifu Kisumu kwa upepo wa ziwa, na wengine Nyeri kwa baridi yake.

Sina ugomvi na gumzo hilo. Ninachotilia shaka ni vipimo. Orodha hizo za kigeni hupima utulivu wa kisiasa, matibabu, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Ni mambo mema yote. Lakini mojawapo ya kazi zake tangu mwanzo imekuwa kuyasaidia makampuni kuamua ni marupurupu kiasi gani yaongezwe kwenye mshahara wa mtumishi anayepelekwa kufanya kazi katika mji wenye dhiki. Yaani zimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye atakaa miaka mitatu, afunge virago, arudi kwao. Ni vipimo vya mgeni. La ajabu ni kwamba sisi nasi, katika nchi yetu wenyewe, tunapochagua mji wa kuishi huchagua kwa macho yayo hayo ya mgeni.

Ushahidi uko katika maneno yetu. Wakenya wawili wakikutana mjini kwa mara ya kwanza, ataulizwa mmoja wao, "Unakaa wapi?" Atajibu Umoja, Kayole, Section 58 au Kisauni. Kabla chai haijapoa litafuata swali la pili: "Na kwenu ni wapi?" Hapo jibu hubadilika. Atataja Kakamega, Makueni, Nyamira au Murang'a. Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi la kueleza tofauti ya maswali haya mawili, na kila muhula hupata majibu ya aina moja hata kutoka kwa vijana waliozaliwa katika Hospitali ya Pumwani, wakasomea Nairobi na hawajawahi kulala kijijini zaidi ya juma moja kwa mwaka. Kitenzi kukaa, tusisahau, maana yake ya kwanza ni kuketi. Aliyeketi aweza kuinuka wakati wowote akaenda zake.

Sasa tulitazame neno lenyewe, mji. Ni neno kongwe la Kibantu. Wakikuyu wana mũciĩ, Wakamba wana mũsyĩ, Wazulu kule Afrika Kusini wana umuzi, na Waamu husema mui. Kwa Mkikuyu na Mkamba neno hilo lina maana ya nyumbani, boma, mahali mtu atokapo na arudipo. Kwa Mswahili lina maana ya mahali penye watu wengi, mitaa na soko. Asili ni moja. Kwa hiyo babu zetu wa pwani walipojenga Lamu, Pate na Mvita hawakuona haja ya kuwa na neno moja la mahali pa kuishi na jingine la kwao. Mji ndio uliokuwa kwao. Kutokana na neno hilo tukapata mwenyeji, ambalo si jingine ila mwenye mji. Hata ndani ya mwili wa mama, mahali alipotungwa na kulelewa mtoto kabla hajazaliwa Waswahili hupaita mji. Sijui kama kuna mpangaji wa miji aliyewahi kulitafakari hilo.

Fauka ya hayo, mji haukuwa mawe na chokaa bali watu. Wenyeji wa Mombasa walijulikana kwa jina la Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika kuwa Miji Mitatu na Miji Tisa, yote yakiishi katika kisiwa kimoja na ng'ambo yake. Majirani zao ni Mijikenda, yaani miji tisa, kila mji na kaya yake. Mtu alikuwa wa mji fulani kwa sababu ya kuwa na watu wake hapo na wajibu wake hapo.

Kilichoutenga mji na nyumbani huku bara kina tarehe. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita maji baridi. Serikali ya kikoloni haikumtarajia Mwafrika kuwa mwenyeji pale. Alitakiwa aje kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi katika eneo la kabila lake. Kuanzia mwaka wa 1920 mwanamume alilazimika kubeba kipande kilichoonyesha ametoka wapi na ameajiriwa na nani. Nyumba alizojengewa zilikuwa vyumba vya wanaume waliokuja bila wake, mtu na kitanda chake. Ni katika miaka ya 1940, mitaa kama Kaloleni ilipojengwa, ndipo lilipokubaliwa kwa dhati wazo kwamba mfanyakazi Mwafrika aweza kuishi Nairobi na mkewe na wanawe. Kipande kilikwisha. Fikira iliyokizaa haikwisha, nasi tuliirithi tukaipa jina la mila.

Wasomaji wa makamo watakumbuka kesi ya marehemu S.M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi aliyefariki mnamo Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga kule Siaya. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa huku mawakili wakivutana, na mojawapo ya hoja nzito kortini ilihusu maneno mawili ya Kijaluo: ot, ambayo ni nyumba, na dala, ambayo ni nyumbani. Ilidaiwa kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba mjini, hata akawa na nyingi, lakini nyumbani kwake ni kule alikozikwa kondo lake la nyuma. Ukoo ulishinda, na mnamo Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga. Kwa Kiswahili tofauti hiyo yote imo katika kiambishi kidogo, -ni, kinachoigeuza nyumba kuwa nyumbani. Sikumbuki kesi nyingine hapa nchini ambayo sarufi ilikuwa na uzito kiasi hicho.

Huenda msomaji akauliza haya yanahusiana vipi na uchaguzi wa mji. Yanahusiana sana, maana mji usio na wenyeji hauna wa kuutetea. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipokaribia, baadhi ya wanasiasa waliwahimiza watu wao walioko mijini warudi mashambani wakahesabiwe huko, ili kaunti zao zipate mgao mkubwa wa fedha. Uchaguzi ukifika vivyo hivyo: basi hujaa watu wanaokwenda kupiga kura katika wadi ambayo hawalali hata siku kumi kwa mwaka. Sasa fikiria mtu anayekunywa maji ya Nairobi, anayemwaga taka Nairobi, anayesomesha mtoto Nairobi, lakini amehesabiwa Vihiga na amepiga kura Vihiga. Diwani wa mtaa wake amwogopee nini? Maji yakikatika juma zima, mkazi huyo hatakwenda kwenye ofisi ya wadi. Atanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni na kusema, "Hapa si kwetu." Ninashuku kwamba mifereji mingi iliyoziba katika miji yetu imezibwa na maneno hayo matatu kuliko ilivyozibwa na takataka.

Na maneno hayo huua pia. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, watu waliojiona wakazi wa Eldoret, Nakuru, Naivasha na Kisumu waliambiwa usiku mmoja kwamba kwao si pale. Walitambuliwa kwa majina yao na kwa lugha zao. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Pwani nako, mnamo Agosti 1997, watu wa bara walikuwa wamefukuzwa na kuuawa Likoni. Mimi ambaye riziki yangu ni kuchunguza matamshi ya watu siwezi kusahau kwamba kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo jinsi mtu alivyotamka neno iliamua hatima yake. Anayetunga orodha ya miji bora ya Kenya akaacha kuuliza kama mkazi wa miaka thelathini ana haki ya kuitwa mwenyeji ameorodhesha hoteli.

Kwa kipimo hicho, basi, nitaanza na Nairobi, ambayo kila mtu huilaani na hakuna anayeihama. Sensa ile ya 2019 iliikuta na watu 4,397,073. Maji yake mengi hutoka mbali, katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Barabara ya angani iliyofunguliwa mwaka wa 2022 hupitisha juu wenye magari na fedha za ushuru. Walakini wakazi wanaokwenda kazini kwa miguu ni wengi kuliko wanaokwenda kwa magari yao wenyewe, na hao wamejengewa vijia vinavyoishia katikati ya tope. Mafuriko ya mwaka wa 2024 yalipozoa nyumba za Mathare, tuliona ni nani hukaa kando ya mto na kwa nini.

Hata hivyo, mtaalamu wa lugha hawezi kuidharau Nairobi. Walimu wengi wa Kiswahili hawaipendi Sheng, nami darasani huwakata wanafunzi alama wakiiandika katika insha. Lakini Sheng ni hati ya kumiliki mji ambayo vijana wa Eastlands walijiandikia wenyewe bila kuomba ruhusa ya wizara yoyote. Lugha ya mahali huzuka pale watu wanapoacha kuwa wapita njia. Kijana wa Dandora hutambua kwa maneno mawili kwamba mwenzake ni wa Buruburu, kama vile Mmvita amtambuavyo Mwamu. Wazazi wao walikuwa wakikaa Nairobi. Watoto ndio waliohamia. Na kabla yao walikuwako wazee wa Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika katika miaka ya mwanzo ya 1920 na ambao jina lake ni mahali pa kupumua. Wako pia Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza na ambao hawana kijiji kingine cha kutaja. Hao walipewa hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, mwaka wa 2017, baada ya zaidi ya karne moja ya kuitwa maskwota. Tena Nairobi hii ndiyo ambayo Wangari Maathai aliitetea kama mtu anavyotetea ua wa mamake: Uhuru Park mwaka wa 1989, msitu wa Karura miaka kumi baadaye. Watu wa aina hiyo wangekuwa wengi, ningekuwa wa kwanza kuipendekeza. Kwa sasa kodi za nyumba zinawafukuza hata wale walioipenda.

Mombasa ina lile ambalo miji ya bara haina: lugha yake yenyewe, Kimvita, na adabu za mtaa ambazo mgeni hufundishwa taratibu bila kufokewa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema, na kwa sehemu kubwa walimaanisha. Mtu aweza kuzeeka vizuri huko. Jioni baraza zina watu, na mzee asiyeonekana msikitini au kanisani siku mbili ataendewa. Lakini joto la Machi si la mchezo, na kero ya maji ni ya miaka mingi. Bomba kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, husafiri zaidi ya kilomita 200 kufika kisiwani, na yanayofika hayatoshi. Kuna tena mtindo wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga na kumiliki kuta na paa huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayelipwa kodi. Familia zimezaliwa na kuzikana humo kwa vizazi, na bado mwenye kiwanja aweza kuja na barua. Wenyeji wa mji wenye lugha kongwe kuliko mahakama zetu wamekuwa wapangaji wa udongo wao. Lamu hali kadhalika: ni mji uliowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 2001, vichochoro visivyopitisha gari, visima vinavyolishwa na machuga ya mchanga ya Shela, na hati za ardhi ambazo hazijawafikia wengi. Ningeishi Lamu kwa furaha, kama ningekuwa sina watoto wa kutafutiwa kazi.

Kisumu nitaisema kwa ufupi. Reli ilifika huko mwaka wa 1901 na mji ukatandazwa kwenye tambarare nzuri ya kutembea kwa baiskeli, kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani. Ni aibu kwamba mtaani Nyalenda au Obunga mtu hulitazama ziwa hilo akiwa ameshika ndoo tupu. Lakini kinachonisumbua zaidi ni lile neno dala. Hata Mjaluo ambaye kijiji chake kiko mwendo wa saa moja kutoka Kisumu atasema nyumba iko Kisumu, nyumbani ni kule. Ikiwa mwenye lugha ya mji haudai mji, mimi mgeni nitaudai kwa ulimi upi?

Eldoret ina jina la kuchekesha kwa mwanaisimu: neno la Kimaasai la mto wa mawe likavishwa kiambishi cha Kinandi, likawa la wote wawili. Wazee bado huuita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba la mzungu ulipojengwa. Hali ya hewa ni njema, chuo kikuu kipo, na wanariadha wameurudishia mji fedha walizozitolea jasho ng'ambo kwa kujenga humo badala ya kuzificha. Kama mji ungekuwa ni majengo, ningeishia hapo. Lakini Kiambaa, ambako kanisa lilichomwa na watu ndani yake siku ya kwanza ya mwaka wa 2008, ni pua na mdomo kutoka Eldoret.

Nyeri naitaja kwa sababu ya kaburi moja. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha uskauti na aliyezunguka ulimwengu mzima, aliamua kumalizia maisha yake huko, na alipofariki mnamo Januari 1941 akazikwa huko huko. Hakuna aliyemwambia kwamba kwao ni London. Naona ni kinaya kwamba mtu wa mbali kiasi hicho aliruhusiwa jambo ambalo wakili wa Nairobi hakuruhusiwa kilomita chache kutoka jijini mwake, miaka arobaini na sita baadaye. Wala kwetu jambo hili halina urahisi wowote hata leo. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa zamani, na ardhi iliyonunuliwa Mavoko kwa mamilioni ya shilingi ili kuyapokea yalipojaa ilizaa kesi za ufisadi badala ya makaburi. Halmashauri inayoshindwa kupata mahali pa kuwazika wakazi wake imekwisha kuamua kwamba wao ni wageni.

Nimebakisha Nakuru kwa makusudi, maana ndiyo chaguo langu. Sheria ya miji ilirekebishwa mwaka wa 2019 ikapunguza idadi ya wakazi inayotakiwa ili mji uitwe jiji kutoka 500,000 hadi 250,000, kwa hiyo hadhi ile ya 2021 hainibabaishi. Jina la jiji halijazi ndoo. Kinachonivuta ni kwamba Nakuru haina kabila linaloweza kuita mji huo wake peke yake na likaaminika. Wakikuyu wamo, Wakalenjin wamo, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na Wahindi wamo, na kwa sababu hiyo lugha ya sokoni ni Kiswahili kwa kweli, si kwa adabu. Mama muuza mboga akikukuta na ndizi mkononi atakusalimu kwa Kiswahili kabla hajakuchunguza sura. Watoto hucheza kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili, na nimewasikia wakiota kwa Kiswahili katika nyumba za jamaa zangu waishio huko. Yaliyotokea mwaka wa 2008 yalitokea hapo pia, wala sisahau. Lakini nadhani mji ambao wote walikuja ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya wote kuwa wenyeji. Mahali palipo na wenye mji wa kale, mgeni huomba. Mahali ambapo kila mtu ana babu aliyeshuka kwenye gari moshi, mgeni hudai.

Tena mji wenyewe una kipimo cha binadamu. Kutoka Section 58 mtu aweza kutembea hadi katikati ya mji. Menengai iko nyuma yake, na mbuga ya wanyama iko mbele yake, ingawa ziwa limepanda tangu miaka ya 2010, likazamisha nyumba za watu ukingoni na kuwafukuza heroe wengi hadi Bogoria. Nairobi iko umbali wa kilomita 160 hivi, karibu kiasi cha kuifikia kukiwa na haja, mbali kiasi cha kutoisikia.

Kuna dosari moja ambayo wauzaji wa viwanja hawaitaji. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa katika miaka ambayo meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo huota yakiwa na rangi ya kahawia, wala hakuna mswaki utakaoyarudisha. Zikizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa floridi haiondoki na mvuke. Dawa iliyojaribiwa huko huko Nakuru, kwa juhudi za Jimbo Katoliki, ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na chujio za namna hiyo zimetumika majumbani na shuleni. Atakayehamia huko na watoto wadogo, kabla hajaulizia kodi ya nyumba, na aulize maji ya mfereji ule yanatoka mtoni au kisimani.